Mke Akivuka, Mkono Unapona

Mimi ni fundi cherehani hapa Mabatini, na fundi asiyeweza kushika mkasi ni mzee tu aliyekalia kiti cha fundi. Kwa hiyo mkono wangu wa kulia ulipoanza kufa ganzi kila asubuhi, kisha maumivu yakashuka kutoka begani hadi kidole gumba, niliogopa kweli. Nilikata sketi ya shule, pindo likatoka kama limetafunwa na panya. Mama wa mtoto aliitazama, akanitazama, akaondoka na kitambaa chake.

Kila aliyepita dukani alikuwa na jibu. Mmoja alisema ni baridi ya ziwani. Muuza dagaa aliapa kuwa ni uzee, akacheka mpaka beseni likamtoka kichwani. Nilimeza dawa, nikachuliwa kwa mafuta ya kondoo hadi wateja wakawa wananisemesha wakiwa barabarani. Wapi, mkono uleule.

Halafu mke wangu akavuka ziwa kwenda Sengerema kumuuguza mama yake, na mkono ukapona. Nilikata mashati huku naimba. Akarudi, maumivu nayo yakarudi. Akaenda tena, nikapona. Akarudi, nikaugua. Na mimi, kwa mdomo wangu huu usiojua kukaa, nikamsimulia dada yangu wa Kisesa.

Dada ndiye aliyenilea, na akishasema amesema. Alinisikiliza, akajifunga khanga upya, akasema hapo hakuna cha kuuliza: wifi yake ananiloga. Jumapili angekuja na wajomba, na mke wangu arudishwe kwao akakae hukohuko. Nilijitetea kwamba tumezeeka pamoja. Akasema waliozeeka pamoja ndio wanaologana vizuri, maana wanajuana.

Nikakimbilia hospitali. Daktari, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, aliniamkia vizuri, akanipiga picha, akaona mifupa haina shida. Akaniuliza nalalia upande gani.

"Wa mlangoni," nikamjibu.

Akauliza mlango gani. Nilishangaa, wasomi wa siku hizi hawafundishwi kitu. Nikamweleza kwamba mwanamume hulala upande wa mlangoni ili mwizi akiingia aanze na yeye, na mke hulala ukutani. Binti akaweka kalamu chini.

"Na kichwa chake, mzee, mama anakiweka wapi?"

Nilitazama dirisha. Kisha nikamwonyesha mkono.

Alicheka, akaomba radhi, akacheka tena. Akasema kichwa cha mtu ni kizito, kinabana mshipa wa fahamu usiku kucha; nimnunulie mama mto. Nilitoka pale nimefurahi sana, mpaka nilipofika getini nikaikumbuka Jumapili. Kwetu mtu hazungumzi mambo ya kitandani mbele ya dada yake. Bora daktari angeniambia nina jini, jini ningelisema bila aibu.

Jumapili wakaja, dada na wajomba wawili. Soda zikaletwa, hakuna aliyezigusa. Mke wangu alikaa mkekani, na begi lake la safari lilikuwa miguuni limeshafungwa. Alikwisha kusikia, na hakuwa ameniuliza neno. Lile begi liliniuma kuliko mkono. Dada alipoanza kusema nikamkatiza, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

"Dada, ananilalia mkono."

Mjomba mmoja ghafla akawa na kiu, akainamia soda. Dada aliangalia dari. Amekuwa mjane tangu ujana wake.

"Mpaka leo?" akauliza taratibu.

"Kila siku, dada."

Akanyanyuka, akajifunga khanga yake, akasema wanaondoka. Alipofika kwenye mkeka akasimama.

"Wifi," akasema, "fungua hilo begi."

Mto nilinunua. Mke wangu aliulalia, na mimi nikakaa macho, mkono mzima kabisa na hauna kazi. Tulivumilia kidogo, kisha tukabadilishana upande. Sasa yeye ndiye analala mlangoni. Mwizi akija, wataelewana wenyewe.

Mkono wa kulia umepona, nakata vitambaa kama zamani. Wa kushoto umeanza kufa ganzi. Sijamwambia mtu.