Mama Alipochukua Namba ya Foleni

Kwa miaka mitatu niliuza kasi. Ndivyo meneja wetu alivyopenda kutuambia kila Jumatatu kabla duka halijafunguliwa: sisi hatuuzi laini wala bando, tunauza kasi. Duka lenyewe lilikuwa Arusha mjini, si mbali na Mnara wa Saa, nami nilikaa kaunta ya huduma kwa wateja nikiwa nimevaa tisheti ya kampuni na tabasamu la kampuni. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumwambia mtu ambaye simu yake haishiki mtandao kwamba aizime, ahesabu mpaka kumi, kisha aiwashe. Wengi walitii. Wachache walirudi kesho yake kushukuru, na mpaka leo sijui walikuwa wanashukuru nini.

Nilipanga chumba Kijenge, lakini kwetu ni juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Huko mama yangu, ambaye ni mjane, analima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache. Mtandao wa kampuni yangu ulipatikana mahali pamoja tu katika kitongoji kizima: nyuma ya kanisa, kando ya tangi la maji, ukisimama na kuelekea bondeni. Ukigeuka, umekatika. Kwa hiyo watu wote walipigia simu pale, kwa zamu na kwa sauti kubwa, na hapakuwa na siri iliyopona. Nani ameachwa na mchumba, nani anaumwa nini, nani anamdanganya dada yake kwamba yuko Dodoma wakati kengele ya kanisa inalia mgongoni mwake, yote yalijulikana. Mchungaji alilazimika kutangaza kwamba wakati wa ibada hakuna kwenda tangini.

Kila nilipopanda kumsalimia, mama alinikumbusha kuwaambia wakubwa zangu. Nami nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba kampuni iko mbioni kuboresha huduma. Siku moja aliniuliza iko mbioni kwenda wapi. Nikamsaidia kupukuchua mahindi.

Kisha ikaja 5G. Sisi wa dukani tulipelekwa Kwa Mrombo, karibu na soko, kuizindua. Kulikuwa na hema, maspika makubwa kuliko mahitaji, na mshereheshaji aliyetangaza kwamba kuanzia siku hiyo neno kukatika lifutwe kwenye Kiswahili. Mama mmoja muuza nyanya aliniuliza kama hiyo mpya itamwezesha kuongea na mumewe mpaka mwisho wa sentensi. Nikampa kofia. Ulipofika wakati wa kuonyesha hiyo kasi kwenye skrini kubwa, kikatokea kile kiduara kinachozunguka. Kikazunguka, kikazunguka, watu wakakitazama kwa adabu kama wanaotazama maiti. Mshereheshaji akasema tatizo ni jenereta, akaomba muziki. Muziki ulikuwa kwenye flashi, kwa hiyo ulipiga vizuri.

Siku hiyohiyo, saa zilezile, mnara uliokuwa ukitupa ule mtandao wa tangini ulizimwa kwa ajili ya maboresho. Kampuni ilikuwa na ustaarabu, ilituma ujumbe kwa wateja wote wa eneo lile kuwaarifu kwamba hawatapata mtandao. Ujumbe uliwafikia siku mbili baadaye, mtandao uliporudi.

Mimi sikujua lolote mpaka wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, nilipoinua macho kwenye kaunta nikamwona mama mlangoni amevaa nguo zake za kanisani. Alichukua karatasi ya namba kwenye mashine, akaisoma, akaketi.

Nilitoka nikamfuata. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, kama ilivyo kwetu. "Takwenya, yeyo," nikamwamkia kwa Kimaa. "Iko," akaitikia. Nilimwomba tuingie nyuma nimpe chai, tuzungumze. Akakataa. Alisema amekuja kuonana na mtu wa huduma kwa wateja, na waliomtangulia ndio hao wamekaa, atasubiri zamu yake.

Nikarudi kukaa. Nilihudumia watu saba huku mama akinitazama, na wote saba, Mungu anisamehe, niliwaambia wazime simu na kuziwasha. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yangu mwenyewe kazini. Siku hiyo niliisikia. Ilipofika namba yake, mashine ilimwita kaunta ya pili kwa mwenzangu. Akampisha mzee aliyekuwa nyuma yake, akabaki amesimama mpaka kaunta yangu ilipokuwa wazi.

"Karibu mteja wetu," nikasema, kwa sababu juu yetu kulikuwa na kamera na maneno hayo ni lazima. "Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kulalamika," alisema mama. "Ndama wangu amekufa."

Alinisimulia taratibu, bila kupandisha sauti. Siku ya lile hema letu, ng'ombe wake mkubwa alianza kuhangaika kuzaa tangu alfajiri na ndama akawa amekaa vibaya. Alikwenda tangini kumpigia daktari wa mifugo aliyeko Ngaramtoni. Hakuna. Akageukia bondeni, akageukia mlimani, akapanda hata juu ya ngazi ya tangi, mwanamke wa umri wake. Hakuna. Mwishowe jirani alishuka kwa miguu kumtafuta daktari, na walipopanda pamoja jua lilikuwa limeshapita utosini. Ng'ombe alipona. Ndama walimtoa amekufa, naye alikuwa jike.

Nilitaka kumpa pole. Nilifungua mdomo nimpe pole. Badala yake nilijisikia nikisema, "Je, mama, ulijaribu kuizima simu na kuiwasha?"

Mwenzangu wa kaunta ya pili aliacha kuandika. Mama alinitazama, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na hakioni.

"Yule ndama nimemvuta kwa mikono hii," alisema. "Na wewe nilikuzaa mwenyewe. Usinifundishe kuzima."

Meneja, aliyekuwa akichungulia kupitia kioo cha ofisi yake, aliona foleni imesimama, akatoka. Ni Mchaga wa Rombo, mtu mstaarabu, akaanza na shikamoo, na mama akaitikia marahaba. Alipoelezwa habari yenyewe, akampeleka mbele ya ramani kubwa ya ukutani, ile iliyopakwa rangi ya zambarau kila palipo na mtandao wetu. Mlima Meru wote ulikuwa zambarau mpaka kileleni, hata tembo walikuwa na 4G. Mama akauliza kwake ni wapi. Meneja akaweka kidole.

"Hapa, mama. Unaona? Pamejaa."

"Basi twende tukapige simu," alisema mama.

Meneja alicheka. Mama hakucheka. Meneja akaacha, akaingia ofisini, akatoka na mwavuli wa kampuni kama zawadi. Mama aliugeuza mkononi, akauliza kama unashika mtandao. Alipoambiwa hapana, akaupokea hata hivyo, kwa sababu nje mawingu yalikuwa yameanza kutanda.

Niliyaandika malalamiko yake kwenye kompyuta. Mfumo ulinitaka nichague aina ya tatizo kutoka kwenye orodha, na kwenye orodha hakukuwa na ndama. Nikachagua "Mengineyo" na kuandika yote, mstari kwa mstari, nikamsomea. Akasahihisha sehemu moja: nilikuwa nimeandika kwamba mteja amekasirika. Alisema nifute, niandike kwamba mteja amehuzunika. Nikafuta.

Siku nne baadaye mfumo ulifunga malalamiko yale kwa neno moja: Limetatuliwa. Mama akatumiwa ujumbe wa kuombwa atupe alama kuanzia moja mpaka tano. Aliupata tangini mbele ya majirani watatu, wakausoma pamoja, na nasikia mmoja alicheka mpaka akapoteza zamu yake.

Nisiwe mwongo, mafundi walikuja. Miezi kadhaa baadaye walipanda na gari, wakapima, mama akawapikia loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, wakala wakasifu. Mwisho wa masika mnara ulikuwa umesimama kwenye kilima juu ya kanisa, mrefu, mweupe kwa mwekundu, na uzio na mlinzi wake. Haujawashwa. Tuliambiwa kuna kifaa kinasubiriwa. Mlinzi wa mnara akitaka kupiga simu nyumbani kwao, anafunga geti na kushuka tangini, anapanga foleni.

Mama hakusubiri kifaa. Alinunua laini ya kampuni nyingine, washindani wetu, ambayo sasa inashika mpaka jikoni kwake, na kwa mara ya kwanza tukazungumza bila kitongoji kusikiliza. Nami nikanunua laini hiyohiyo. Kazini lilikuwa kosa kubwa kuonekana nayo, kwa hiyo mchana nilikuwa natoka na simu ya pili mfukoni mwa sketi, nakwenda kumpigia mama kwenye ngazi za nyuma ya jengo, karibu na stoo.

Ijumaa moja nilikuta mtu ameniwahi pale. Alikuwa amekaa ngazi ya tatu, amenipa mgongo, anaongea Kichaga taratibu na kwa heshima, kama mtu anavyoongea na mama yake. Simu aliyoishika si ile ya kampuni. Alipogeuka tukatazamana, mimi na meneja wangu, kila mmoja na kosa lake mkononi. Hakukata simu. Aliongea mpaka mwisho wa sentensi, akaaga, akairudisha mfukoni. Kisha akaniuliza kama nimeshakula. Nikamwambia bado. Akasogea ukutani ili nipite, nami nikaketi nikampigia mama.