Kwapa la Jezi Namba Sabini na Nne

Genevieve Wojtas ameshona jezi za timu yetu ya futiboli ya Kimarekani hapa Ohio kwa miaka thelathini na moja, na hajawahi kutazama mchezo hata mmoja mpaka mwisho. Anasema kelele zinamuumiza kichwa. Mchezo anausoma kesho yake, nguo zikiletwa. Cherehani yake iko dirishani, mashine zangu za kufulia ziko ukuta wa pili, na katikati ipo meza ndefu tunayopangia jezi. Mimi nafua, yeye anashona. Mimi huongea kidogo, yeye huongea kwa niaba ya wote wawili.

Agosti iliyopita alikuja Delano Guidry, kijana wa Louisiana mwenye kilo mia moja arobaini na tano. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni kushoto na kuhakikisha hakuna adui anayemfikia mrushaji wetu wa mpira. Lakini mazoezini walikuwa wanampita. Makocha wakaandika tathmini yake: nguvu nyingi, miguu mizito. Na Jumanne ya wiki iliyofuata timu ilikuwa inapunguzwa, kutoka watu tisini hadi hamsini na watatu. Mwenye miguu mizito hurudi kwao.

Alituambia mwenyewe, Jumatatu, alipokuja kuchukua jezi.

“Miguu mizito? Nani kasema?” Genevieve aliuliza, pini mdomoni.

“Kocha, mama. Kaandika kabisa.”

“Kocha hafui nguo. Elroy, mwambie.”

Masikio yakaniwaka moto. “Mgongo,” nikasema.

“Mgongo umefanyaje?”

“Hauna madoa. Jezi za wenzako nasugua madoa ya majani mgongoni kila siku. Wewe, wiki tatu, hakuna. Huanguki.”

Hiyo ilikuwa hotuba yangu ya mwezi mzima.

“Umesikia?” Genevieve akasema. “Mwenye miguu mibovu huangushwa chali. Miguu yako mizima. Sasa njoo uone ugonjwa wenyewe.”

Akatandaza jezi tatu za namba sabini na nne. Zote zilikuwa na mshono mpya kwapa la kushoto.

“Kwapa hili nimelishona mara sita. La kulia sijaligusa.”

“Labda unashona vibaya, mama.”

Alimchapa rula begani. “Mshono wangu utakuzika wewe! Simama. Nizuie.”

Genevieve ana miaka sitini na minane na anamfikia Delano chini ya kifua. Alimwendea kwa hatua mbili. Delano akarudi nyuma vizuri, akakunja magoti kama anavyotakiwa, lakini kabla ya kusukuma, mkono wake wa kushoto ukashuka kwanza hadi kiunoni, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Genevieve alikuwa ameshamshika kwapani.

“Hapa! Bibi kizee kakupita!”

Delano alicheka hadi akakaa juu ya kapu langu la nguo safi.

Siku hiyohiyo Genevieve akabuni dawa yake. Alichukua uzi mwembamba, akaushona kutoka kwenye glovu ya kushoto hadi kifuani mwa jezi. Mkono ukishuka, uzi unakatika. Delano akawa anakuja kila mchana baada ya chakula, wanasukumana katikati ya mashine, mimi nahesabu. Jumatatu zilikatika nyuzi kumi na moja. Jumanne saba. Jumatano mbili, na mmoja kati ya hizo Genevieve aliukata kwa makusudi kwa sababu alikuwa anashindwa.

Alhamisi ndio ulikuwa mchezo wa mwisho wa majaribio. Ijumaa asubuhi nilifungua mfuko wa nguo nikaitafuta jezi yake kabla ya zote. Nikaipeleka dirishani. Genevieve akapapasa kwapa. Zima. Akaligeuza ndani nje, akalipapasa tena. Halafu akaona shingo imechanika hadi kifuani.

Delano alipoingia alikuta anangojewa. “Nani kakukaba hivi?”

“Wenzangu, mama. Tulipata alama ya ushindi upande wangu. Wakanirukia.”

“Washenzi,” Genevieve akasema, na akaanza kushona huku anaimba puani.

Ikabaki Jumanne. Siku hiyo huwa tunamwogopa Prentiss, karani mpole ambaye kazi yake ni kupita na kumwambia mchezaji, “Kocha anakuita.” Ukiitwa, umekwisha. Delano alikimbilia kwetu kabla ya saa tatu, akisema anataka jezi ibanwe kifuani. Sote tulijua anajificha. Genevieve alikuwa amekwisha kumbandika pini nusu ya mwili pale viatu viliposikika koridoni, na mlango ukafunguka. Prentiss.

Delano akaanza kuivua jezi taratibu, pini zikimchoma.

“Unavua nini?” Prentiss akauliza.

“Si umenifuata?”

“Nikufuate wewe? Wa kuitwa wote nimeshawamaliza. Nimemfuata Bi Genevieve.” Akageuka, akatuonyesha suruali yake, imepasuka nyuma kutoka mkanda hadi chini. “Tangu asubuhi natembea na makaratasi nimeyashikilia huku.”

Delano alimkumbatia akamnyanyua juu. Tukasikia kitambaa kikimalizika kupasuka.

“Mshushe!” Genevieve akapiga kelele. “Na wewe Prentiss, ingia kwenye foleni. Namba sabini na nne ndiye wa kwanza.”