Minyoo Isiyo na Wenyewe

Shule yetu ya jioni pale Muyeye ilitutaka tufanye utafiti wa maradhi ya mtaani. Siku hiyo nikanunua bajia, na karatasi niliyofungiwa, kumbe ya zahanati: majina ya wagonjwa na maradhi yao! Mama wa bajia alikuwa na rundo zima, refu kuliko mnara wa msikiti. Nikalinunua lote, nikajiona profesa.

Dada mmoja wa darasani kwetu akachungulia, akashika kichwa. "Yarabi! Kakangu, huyu mwenye minyoo ni mama mkwe wangu! Ukimtaja, mimi sina ndoa."

Tukalirudisha rundo zahanati. Tabibu, kwa aibu, akaturuhusu tuhesabu maradhi tu mbele yake, majina tuyaache, kisha akayachoma makaratasi yote.

Siku ya kusoma utafiti, jamaa zetu walialikwa. Niliposema minyoo imeenea mtaani, mama mkwe akadakia: "Wachafu hao! Ni kina nani?"

"Hatukuchukua majina, mama."

"Mngewataja, wakome!"

Yule dada akacheka hadi akaporomoka benchini, nami nikamalizia kusoma huku machozi yakinitiririka.