Karavani Isiyo na Kadi

Barua ilinikuta ndani ya eda. Mume wangu alikuwa na wiki kumi na tano kaburini, nami nilikuwa sitoki nyumbani kwetu, mtaa wa Edmonton, ila kwa dharura. Binti yangu aliifungua, akaisoma kimya, kisha akanieleza kwa Kiingereza chake cha siku zote: yadi ya kuegesha magari, ambamo baba yake alikuwa ameiweka karavani ya zamani, imeuzwa. Aliyeinunua yadi anataka kila mtu alete hati ya kuonyesha kuwa chombo ni chake. Asiyeleta kabla ya siku iliyotajwa, chake kitakwenda kusagwa.

Ilikuwa karavani kongwe, kijumba cha magurudumu cha kukokotwa na gari, ya bati jeupe lenye ukanda wa kijani, imetengenezwa mimi sijazaliwa. Mume wangu alipoinunua alisema, "Tutaikokota mpaka baharini, tukae wiki nzima, mimi na wewe." Hatukwenda. Yeye alikuwa dereva wa basi, mimi nahudumia wazee majumbani mwao, na siku zake za mapumziko hazikukutana na zangu.

Nilipotoka eda zilibaki siku tisa. Nilipekua droo, mifuko ya makoti, hata sanduku la viatu. Sikupata kitu. Nikapiga simu ofisi inayosajili magari.

"Karavani haina kadi katika nchi hii, bibi," mwanamke akanijibu. "Gari inayoikokota ndiyo yenye kadi."

"Sasa mimi nitathibitisha vipi kuwa ni ya mume wangu?"

Akasema karavani za siku hizi huwa zina daftari lake maalumu, lakini yangu ni ya zamani mno, haimo. Nitafute namba iliyogongwa kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, niipige picha, na nimpate aliyeiuza aandike tamko mbele ya wakili.

Kesho yake nilikwenda yadi na binti yangu. Mwenye yadi, mwanamume mpole wa makamo, alisema ananiamini ila bila karatasi hawezi kunipa. Nililala chini kwenye kokoto nikisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka namba ikatokeza. Binti yangu akaipiga picha. Tulirudi nyumbani nguo zetu zimejaa matope.

Aliyeiuza nilimkuta kwenye simu ya marehemu, ameandikwa "Mzee wa karavani". Anakaa mtaa wa Kenton, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, zamani alikuwa na duka la vitambaa. Alinipokea mlangoni kwa Kiswahili cha kwao.

"Pole sana, mama. Mimi sikujua amekufa. Nilikuwa nangoja anipigie."

Aliniambia hawakuandikiana chochote, walipeana mkono tu. Lakini alikubali mara moja, na siku ya pili tukaonana kwa wakili, mtaa wa Harrow.

Wakili alimuuliza mambo ya kawaida: aliiuza lini, kwa nani, namba ni hii? Kisha akamuuliza kama aliwahi kumwona mume wangu akiitumia kama mali yake. Mzee akacheka kidogo.

"Mara nyingi sana. Tangu wamkataze kuendesha basi, alikuwa pale Jumatatu mpaka Ijumaa. Mimi nilikuwa nabeba chai, tunacheza karata."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamgeukia kwa Kiswahili. "Wamemkataza nani?"

Mzee akanitazama, uso wake ukabadilika. "Macho, mama. Ile sukari yake. Karibu mwaka mzima. Kwani hakukuambia?"

Mwaka mzima mume wangu alitoka nyumbani alfajiri amevaa sare, na shati nilimpigia pasi mimi mwenyewe. Matumizi ya nyumba hayakukatika; kumbe alikuwa akila akiba yake. Wakili aliuliza kama tusimame kidogo. Nikamwambia hapana, aandike yote, maana bila maneno yale karavani isingetoka.

Mwenye yadi alilisoma tamko, akatazama picha za namba, akanikabidhi ufunguo uliokuwa ukiachwa ofisini kwake. Ndani kulikuwa na mkeka, msahafu wa maandishi makubwa, na lenzi ya kusomea. Koti la kazi lilining'inia kwenye msumari. Chini ya mto nilikuta barua za hospitali ya macho, zote zimeandikwa anwani yetu, na mimi sikuwahi kuiona hata moja.

Hatukuwa na pa kuiweka. Nyumba yetu ni ya kupanga na mtaa wetu ni mwembamba. Nikawapa mke na mume wanaofufua karavani za zamani, wakaikokota wakifurahi kama wamepata mtoto.

Binti yangu alisimama nami kwenye geti la yadi mpaka ikapotea. Akaniuliza kwa nini baba hakutuambia.

"Aliona haya," nikamwambia.

"Haya ya nini? Sisi ndio watu wake."

Nikamshika mkono, tukaondoka. Na kuna jambo ambalo mpaka leo sijamwambia. Mwaka ule, kila jioni baba yake aliporudi amechoka, hataki chakula, hataki maneno, mimi nilikuwa nikimsema: "Kutwa umekaa kitini, kinachokuchosha nini?" Naye alivua viatu, akaviweka sawa kando ya mlango, akaniambia nina haki.