Siku Damu ya Mama Ilipokata

Harufu ya nta ya nyuki bado hunirudisha uani kwetu, kando ya ghuba ya Tungue, wakati wa vita vya ukombozi, ndege za Wareno zilipokuwa sehemu ya asubuhi kama majogoo. Nta ilikuwa ya Mzee Amade, muumishi. Alichanja ngozi kwa wembe, akaweka pembe juu ya chale, akafyonza hewa kwenye tundu la nchani, kisha akaliziba kwa nta ili pembe ivute damu iliyoharibika. Wengi walitoka kwake wakisema wamepata nafuu. Msimu huo ilifika zamu ya mama.

Mama alikuwa hodari wa kuokota chaza mpaka mwili ulipomgeuka. Uso ulimvimba, sauti ikawa nzito, akajifunika kanga mbili juani huku sisi tukitoka jasho. Akijigonga kidogo tu mlangoni, mkono uliota doa jeusi la damu iliyovilia. Akikatwa na gamba la chaza, kitambaa kililowa mpaka jioni, na akiingia mwezini alishindwa kusimama. Akaacha kwenda pwani. Jirani yetu, Bi Muanacha, alidhani mama anapigwa, wala hakuficha. "Shemeji, mikono hiyo si ungeipeleka vitani?" alimwambia baba. Baba akacheka kwa uchungu: "Mimi? Mke wangu hata nikimkoholea anatoka doa."

Wazee wakaamua kwamba damu imemzidi, inatafuta njia ya kutokea. Nikamuuliza Mzee Amade: kama imezidi, mbona viganja vyake vimekuwa vyeupe? "Mwanao anahoji kama askari wa posto ya Wareno," akamwambia baba, "na ulimi wake ni mrefu kuliko pembe yangu." Watu wakacheka, hata mama. Pembe zikabandikwa mgongoni mwake. Zilipobanduliwa, chale ambazo kwa watu wengine hukauka upesi ziliendelea kutoa damu. Majivu hayakusaidia, wala vitambaa. Mama akaanza kuongea kama mtu anayesinzia. Mzee Amade alizikandamiza kwa viganja vyake viwili, jasho likimdondoka, hadi damu ikapungua. "Mvushe Ruvuma," akamwambia baba bila kuinua uso. "Hii si kazi yangu."

Tulivuka mto huo wa mpakani pamoja na wakimbizi wengine. Zahanatini, daktari mgeni, mwanamke mrefu, hakugusa wembe. Alimpigisha mama magoti juu ya kiti, akamgonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa nyundo ya mpira. Mguu uliruka, kisha ukarudi polepole kama mlango mzito. Akanigonga mimi, wangu ukarudi papo hapo. "Tezi ya shingoni imelegea," alisema kwa Kiswahili cha kukatakata. "Ikilegea, mwili unapoa, na damu haigandi vizuri." Nikamuuliza amejuaje. "Nadhani tu. Vidonge vitajibu." Hilo lilikuwa jibu la kwanza la mtu mzima kuniridhisha.

Vidonge vilijibu taratibu. Mama akaivua kanga ya pili, sauti yake ikarudi, madoa yakafifia yasizaliwe mengine. Vita vilipokwisha tulirejea Tungue, na maji yalipokupwa mama akabeba ndoo yake mbele ya wanawake wote. Chaza wa kwanza tu akamkata dole gumba. Bi Muanacha akapiga yowe. Mama akalifinya dole, akangoja, sote tukimzunguka matopeni. Kisha akaliinua juu. "Njooni muone! Damu imekata!" Wanawake wakapiga vigelegele, na Bi Muanacha, aliyemsingizia baba, alipiga vya sauti ya juu kuliko wote.

Baadaye, nikiwa universidade, chuo kikuu, nilisoma kwamba tezi hiyo ikilegea, protini mojawapo inayosaidia damu kushikana huweza kupungua, na tezi ikitibiwa hurudi. Niliuliza maswali mpaka mwalimu akachoka. Nimekuja kutilia shaka mengi tuliyoahidiwa siku za bendera mpya, na vidonge vya mama huadimika madukani hadi nimtumie kutoka mjini. Lakini nikipima wakati ule na huu, kipimo changu ni dole lile. Likizo iliyopita nilikwenda naye pwani. Alijikata tena, nami nikaruka kumshika mkono. "Niache, nina kazi," akasema, akaupangusa kwenye kanga yake moja, akafungua chaza mwingine.