Kachi ya Jumapili

Vumbi likiungua ndani ya kompyuta ya zamani lina harufu yake, na mimi harufu hiyo naijua tangu utotoni. Juzi mteja mmoja aliniletea mashine kuukuu hapa Kamembe, Rwanda, kwenye studio ninapotengeneza video za harusi, akitaka nimtolee picha zake. Nikaiwasha. Ikanguruma, ikapata moto, harufu ikatoka, na nikajikuta nimeshasimama kwenda kufunga mlango, kama alivyokuwa akifanya Papa.

Ngojeni niwaeleze. Papa alikuwa deklaranti pale mpakani, akiwatengenezea wafanyabiashara karatasi za forodha. Mtu wa shati jeupe na salamu nyingi. Kompyuta aliinunua Bukavu, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, ikatiwa kadi ya televisheni, antena ikafungwa juu ya mabati. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na kitu kama hicho: unatazama televisheni, na ukitaka unairekodi. Wageni aliwaonyesha kila kitu, akinyoosha kidole kwenye skrini: hapa picha, hapa sauti ya televisheni, hapa mikro ya kuongea na kaka yake aliyeko Ubelgiji. Maman alikuwa akipita na sinia ya Fanta. Yeye kuigusa kompyuta? Weee! Aliruhusiwa kufuta vumbi tu.

Papa alikuwa anarekodi kachi, ile mieleka ya mijitu yenye vifua vinavyong'aa. Ilionyeshwa Jumamosi mchana, watu wakiwa na kazi zao, kwa hiyo aliwawekea majirani mpaka Jumapili baada ya ibada. Sebule ilijaa. Jitu likibwagwa chini tulipiga makofi na kupiga kelele, "Mumalize!" Jamani, tulipenda damu sisi!

Lakini Jumamosi yenyewe ilikuwa kitu kingine. Papa akishaanza kurekodi alipandisha sauti mpaka madirisha yakatetemeka, akafunga mlango, akavua saa ya mkononi. Nikisikia saa inawekwa mezani, nilimvuta mdogo wangu chini ya kitanda. Alimpiga Maman kwa mkanda, kwa ngumi, siku moja kwa mguu wa kiti. Kosa lilikuwa lolote: chumvi, shati, mwanaume aliyesalimiwa njiani. Maman alikimbilia jikoni, Papa akamfuata huko huko. Na kachi inanguruma kwenye spika, nani angemsikia? Jirani yetu Maman Aline alimtania Papa barabarani, "Papa Neema, weye unapenda kachi mpaka unatupasua masikio!" Neema ni mimi. Papa alicheka, na mimi nikatamani kumng'ata.

Maman hakunyamaza, msimfikirie hivyo. Alikwenda kwa Mzee wa kanisa, jicho limefunikwa na kilemba, amenishika mkono. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Papa Neema ni muntu mupole," akasema. "Maneno kama hii inaomba shahidi. Uko na shahidi?"

Maman akaniangalia mimi. Mzee akatikisa kichwa. "Mutoto, hapana."

Tukashika njia ya kurudi. Mimi nilipiga jiwe teke kwa hasira, kidole kikatoka damu.

Jumamosi iliyofuata, saa ilipowekwa mezani, Maman hakukimbilia jikoni. Nilimwona kutoka chini ya kitanda, kupitia upenyo wa mlango wa chumba: alisimama pale pale sebuleni, karibu na kompyuta, na hakutoka. Nilimkasirikia sana. Kimbia basi, nilisema moyoni, wewe mwanamke mjinga, kimbia! Papa alimpiga mpaka nikasikia mfupa ukivunjika.

Kesho yake mkono ulikuwa umefungwa kwa kitenge. Aliwaambia wageni ameanguka na ndoo. Mzee wa kanisa naye alikuja. Maman ndiye aliyemwalika, akamketisha kwenye kiti cha mbele. Papa kama kawaida hakuwa ameangalia alichorekodi. Alipenda kukiona kwa mara ya kwanza pamoja na watu.

Kachi ikaanza. Kelele za watazamaji wa ulingoni zilisikika kwa mbali, kama redio iliyoko chumba cha pili. Papa akaongeza sauti. Jitu moja likamtupa jenzake. Pa! Watu wakashangilia. Pa! Pa!

"Leo banapigana ya kweli!" akasema bwana wa Maman Aline.

Mimi makofi yalinikauka mikononi. Kwenye skrini jitu lilikuwa linapanda kamba, hakuna anayempiga mtu, na bado: Pa!

Kisha sauti ya Maman ikajaa sebuleni. "Papa Neema, minakuomba! Mukono yangu! Batoto banasikia!"

Na ya Papa juu yake: "Nyamaza! Nani atakusikia?"

Papa aliruka. Hakwenda kuzima, alinyakua kibodi akampiga nayo Maman kichwani, mbele ya watu wote, mpaka vibonye vikatawanyika sakafuni. Maman Aline akajitupa katikati. Wanaume wakamvamia Papa, wakambwaga kwenye simenti, goti kifuani, mdomo umepasuka, shati jeupe limekuwa jekundu. Na mimi nikapiga makofi. Hakuna aliyenikemea.

Mzee alikuwa bado amekaa, machozi yanamtoka. Halafu akasimama. "Chukua batoto," akamwambia Maman. Begi letu alilibeba mwenyewe mpaka mpakani, tukavuka kwenda Bukavu kwa bibi.

Papa aliwaambia watu ni kosa la mashine, na kwa miaka mingi nami niliamini hivyo. Mpaka nilipojifunza kazi hii. Sauti ya kurekodiwa huchaguliwa na mtu: anafungua mipangilio, anatoa sauti ya televisheni, anaweka mikro, anathibitisha. Mashine haijiamulii. Siku niliyoelewa hilo nilikaa mbele ya skrini nikalia kwa sauti, maana nilikumbuka alivyosimama pale, karibu na mikro, bila kukimbia.

Nilimkuta Maman kwenye meza yake sokoni hapa Kamembe, tulikorudi kuishi baadaye, anachagua maharage, mkono ule haunyooki mpaka leo.

"Maman, ni weye uligusa sauti?"

Akatupa punje mbovu chini, hakuinua kichwa.

"Mzee aliomba shahidi," akasema. "Nikamuletea."