Jina Lililokuja na Mashine

Dalali aliita jina la marehemu mlangoni pa mashine yangu ya kusaga unga, kwa sauti ya mnada, na mtoto wangu aliyekuwa akichezea pumba sakafuni akaitika, "Ee!"

Wanawake waliopanga foleni na muhogo wao mkavu wakageuka. "Amelipokea jina," mmoja akanong'ona. "Mama, chinja kuku umpe mtoto jina hilo tu, yaishe."

"Simpi!" Nilimnyakua mtoto, nikamgeukia dalali. "Unayemtafuta amezikwa Namboboto. Kamwite huko. Akikuitikia, njoo uchukue mashine."

"Usinikasirikie, mama. Kwa karatasi zangu, mwenye biashara ndiye mwenye madeni. Sasa yeye ni wewe."

Mashine hiyo, hapa Busia, niliuziwa na ndugu ya marehemu, miaka ile ya magendo ya kahawa ya Uganda. Sikununua kijinga. Kwetu, baada ya mazishi, ukoo hukaa karibu na kaburi, mzee akauliza nani anamdai marehemu. Anayedai husema, anayenyamaza amesamehe. Nilikuwepo. Mmoja alidai jembe, mwingine magunia, wakalipwa. Ndugu akaapa hakuna deni lingine. Nikatoa pesa kwa moyo mweupe, nikaenda kwa ofisa wa biashara nikakata leseni kwa jina langu. Akagonga muhuri, akanitakia baraka.

Lakini mwenye duka la Kisumu aliyemkopesha marehemu injini hakufika matangani. Mtu wa kodi naye hahudhurii matanga. Serikali ina pahali pake pa kuulizia madeni, nayo ni Gazeti la Serikali: biashara ikitaka kuuzwa, tangazo hutoka humo kwanza, wadai wajitokeze. Lisipotoka, mnunuzi hubeba madeni ya mwenye mali wa kwanza. Hayo nilielezwa na dalali, ameegemea injini yangu.

Ndiyo maana walikuwa wakija, mmoja baada ya mwingine, wakiita jina lile lile. Mtoto alilijua kabla ya kulijua langu. Hata injini, asubuhi kabla ya kushika moto, ilikohoa kama marehemu alivyokuwa akikohoa, na wateja wa zamani wakaiambia, "Pole, mzee." Nililipia chuma, nikaletewa mtu.

"Jumatatu nakuja na lori," dalali akasema.

Ndugu aliyeniuzia alikuwa Malaba, pesa yangu ameiingiza kwenye kahawa. Nikaenda kwa ofisa wa biashara, mtoto mgongoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Dada, kwani uliuliza?"

Nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi za posta nikaandika barua, kisha nikaipeleka ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, karani akaipokea:

"Nalalamika juu ya ofisa wako wa biashara. Alijua mwenye leseni ya kwanza amekufa. Hakuuliza kama aliyeniuzia ana kibali cha korti cha kusimamia mali ya marehemu, wala hakunitajia tangazo la Gazeti. Mashine hii ndiyo inayolisha mtoto wangu. Naomba isiguswe mpaka aliyeniuzia aletwe mbele yako, kwa maana pesa anayo yeye. Tena naomba wote wanaotumwa mlangoni pangu waniite kwa jina langu. Mtoto wangu bado hajapewa jina la ukoo, na huyu marehemu ameanza kumzoea."